Matundu Manne kwenye Chasisi

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku mbili Inspekta kusimama kwenye banda la Mama Pipa, na mara ya tatu kutosikia anachoambiwa. Mashine, jamani! Ilikuwa sakafuni nyuma ya mapipa, inanguruma bila kupumzika, inavuta mafuta machafu ya kukaangia kutoka pipa moja na kuyatema kwenye jingine lililofungwa kitambaa cha kuchujia mdomoni. Banda zima lilinuka viazi vya wiki iliyopita.

"Mama, naomba uizime kidogo hiyo mashine!" Inspekta alipaza sauti.

"Haizimwi!" Mama Pipa naye akapaza. "Nikiizima, mafuta yanalala kwenye bomba. Kuyaamsha ni kazi ya nusu siku. Wewe uliza tu, mimi nakusikia."

Haya. Yeye alisikia. Asiyesikia alikuwa mwenye kuuliza.

Mama Pipa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, amevaa aproni ya plastiki na mtandio mweusi wa msiba. Hoteli na migahawa ilimwachia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Yeye aliyachuja, mengine akawauzia watengeneza sabuni, mengine yakaingia kwenye lori lake. Ndiyo, kwenye lori. Lori lile lilikuwa la dizeli kama malori yote, mpaka fundi alipolibadilisha litembee kwa mafuta ya kupikia. Lilitembea vizuri miezi minne. Siku tano zilizopita likazimika katikati ya kilima cha machimbo ya mawe, likiwa na mzigo. Dereva, ambaye ni mdogo wake Mama Pipa, kitinda mimba wao, aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akashuka kutoa upepo kwenye mabomba kwa pampu ya mkono. Mawe yakateleza. Lori likarudi nyuma na kumbana ukutani.

Walimzika juzi. Leo dada mtu alikuwa kazini. "Mafuta hayajui msiba," alikuwa amemwambia Inspekta jana.

"Nauliza tena, mama. Baada ya fundi kukukabidhi gari, nani mwingine aliligusa?"

"Lo! Nimekwambia jana asubuhi, nimekwambia jana jioni, na kesho ukija nitakwambia. Fundi, na marehemu. Mwingine nani? Mimi hata kofia ya tangi siijui inafunguka upande gani. Huyo fundi wenu ndiye aliyefunga pampu mbovu ikamuua mdogo wangu. Mfungeni! Na huko ndani asipewe hata maji."

Inspekta aliegemea bomba ili apumzishe goti lake bovu, na papo hapo akahisi unyevu kwenye kiwiko. Akatazama. Kiungo cha bomba kilifungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, umezungushwa mara kumi na kupigwa fundo. Cha pili hivyo hivyo. Banda zima liliunganishwa kwa tyubu kuukuu, na kila fundo lilikuwa linatoa jasho la mafuta. Sasa na mkono wa shati lake ulikuwa unanuka viazi.

"Nani alifunga haya?" aliuliza kwa hasira zaidi ya upelelezi.

"Marehemu. Alikuwa anasema klipu za chuma ni za wenye kujionyesha." Mama Pipa akageuka haraka, akaanza kufuta pipa ambalo lilikuwa safi.

Simu ya Inspekta ikatetemeka mfukoni. Mkuu wa kituo. Alitoka nje ndipo akaweza kumsikia.

"Saa nane fundi anasimama mbele ya hakimu," alisema mkuu. "Hati ya mashtaka iko kwenye faili lako tangu jana. Inasubiri saini yako tu. Unasubiri nini?"

"Kuna kitu hakijakaa sawa, mkuu."

"Kitu gani?"

Hapo ndipo palipouma. Hakujua. Alichokuwa nacho ni ripoti ya mkaguzi wa magari, nayo ilisema hivi: *Pampu isiyofaa. Imefungwa vibaya.* Maneno manne! Mtu amekufa, mwingine anangojewa na jela, na mkaguzi mzima, mwenye tochi na mshahara, anaandika maneno manne na kwenda kunywa chai.

"Nitasaini kabla ya saa nane," alisema. Saa yake ilionyesha saa nne kasorobo.

*

Fundi Nati aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa mrefu, mwembamba, vidole vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni ya unga. Alikaa, akaanza kusokota nati isiyokuwapo kati ya kidole gumba na cha shahada. Watu hawakumpa jina lile bure.

"Nieleze upya," alisema Inspekta. "Taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua gari."

"Nimekueleza mara mbili, afande."

"Nieleze ya tatu. Mimi na wewe leo hatuna pa kwenda."

Fundi akashusha pumzi. "Lori lina matangi mawili. Dogo la dizeli, kubwa la mafuta ya kupikia. Unawasha kwa dizeli. Injini ikipata moto, maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yanapita kwenye mrija ndani ya lile tangi kubwa, mafuta yanapata moto, yanakuwa mepesi. Hapo unageuza swichi, unatembea bure. Kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli. Basi."

"Na pampu?"

"Pampu ndiyo kazi yenyewe." Sauti yake ilipanda, hata kifungoni mtu huipenda kazi yake. "Dizeli ni nyepesi, pampu ndogo iliyo kwenye injini inaivuta yenyewe. Mafuta ya kupikia ni mazito, na tangi liko nyuma kabisa. Ukiiacha pampu ya injini iyavute peke yake, inavuta upepo kwenye kila kiungo. Kwa hiyo unaweka nyingine nyuma, pale pale kwenye tangi, isukume. Sasa ipi? Ziko mbili za kuchagua. Kuna ya umeme ya magari madogo ya petroli: nyepesi, rahisi, inapatikana kila duka. Ndani yake kuna utando wa mpira unaopiga juu, chini, juu, chini. Mafuta ya kupikia yakishapata moto, ule mpira unavimba. Siku ya kwanza inavuta, ya pili inavuta, ya tatu au ya nne inakusaliti mlimani. Ya pili ni ya meno. Gia mbili za chuma zinang'atana, zinakamata mafuta na kuyasukuma, yawe mazito, yawe mepesi. Ina kelele, ni nzito, lakini haina mpira wa kuvimba. Hiyo ndiyo niliyoifunga. Ya meno. Kwa mkono wangu huu."

"Iliyokutwa kwenye lori ni ya mpira."

"Ndivyo mnavyosema."

"Ndivyo ilivyo! Nimeifungua mwenyewe. Mpira umevimba, umejikunja kama sikio. Umewahi kuiona pampu ile kabla ya siku hiyo?"

Vidole vikaacha kusokota. "Hapana," alisema Fundi Nati.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Konstebo aliingia kitambi mbele, anahema kama aliyepanda ngazi mia, ingawa kituo hakikuwa na ghorofa. Akaweka boksi tupu mezani.

"Afande, lilikuwa chini ya meza yake ya kazi. Namba za boksi na namba za pampu ile ni zile zile, mpaka tarakimu ya mwisho."

Inspekta alisoma namba. Akazisoma tena. Damu ikampanda kichwani. Siku mbili! Siku mbili amebishana na mkuu wake kwa ajili ya mtu huyu, goti linamuuma, shati linanuka jikoni, na kumbe mtu mwenyewe anamdanganya usoni huku akimfundisha habari za gia.

"Konstebo, niletee kalamu," alisema.

"Afande, ngoja."

"Ningoje nini? Uniambie boksi lilitembea lenyewe mpaka kwako?"

"Ni langu." Fundi alivua miwani na kuishika kwa mikono miwili. "Niliinunua kwa ajili ya gari dogo la mteja, mteja akapotea. Jumatatu, siku tatu kabla ya ajali, marehemu alikuja gereji. Akaniambia, fundi, mashine ya pipa ya dada imekufa, nipe chochote kinachovuta. Nikampa hiyo. Nikamwambia, ni ya petroli hii, kwa pipa jaribu bahati yako. Kwa pipa, afande! Sikujua ingefika kwenye lori. Mliponionyesha nilitaka kuzimia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema imetoka kwangu, wewe ungeniamini?"

"Sasa ndiyo nikuamini?"

Fundi alirudisha miwani usoni. Konstebo akarudi na kalamu, akaiweka juu ya faili. Inspekta aliishika, akaifungua, akaifunika. Kuna neno lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki.

"Umesema ya pipa."

"Ya pipa."

"Mafuta ya pipani ni ya moto?"

"Ya moto yatoke wapi? Ni baridi, mazito kama uji uliolala."

"Na pampu ile ya petroli ingeyavuta?"

Fundi alicheka kwa uchungu. "Ingelia tu kama mbu. Nilimwonya. Akanicheka, ndivyo alivyokuwa, maneno mengi, roho safi. Akasema, fundi, wewe unaabudu pampu. Pampu ni pampu. Mafuta yakishapata moto hata mrija wa soda unayavuta."

Inspekta aliisukuma kalamu kando. Masikioni mwake ule mngurumo wa bandani ulikuwa umerudi, kana kwamba haukuwahi kutoka. Alikuwa amesimama kando yake mara tatu, akiomba uzimwe.

"Uliifungaje ile ya meno?" aliuliza polepole.

"Bolti nne. Nilitoboa chasisi, ile fremu ya chuma ya chini, matundu manne, chini nikaweka kipande cha tairi isitikisike. Mabomba kwa klipu za chuma. Mimi sifungi kwa kamba, afande. Sijawahi."

*

Lori lilikuwa nyuma ya kituo, limefunikwa vumbi. Inspekta alitandika gazeti, akalala chali, akajisukuma chini ya tangi la nyuma. Goti likalalamika, akaliambia linyamaze.

"Nikushikie nini, afande?" aliuliza Konstebo kutoka kwenye usalama wa kivuli.

"Shika tochi, na tumbo lako ulivute ndani nipate mwanga."

Pampu yenyewe ilikuwa kwenye kabati la vielelezo, lakini mahali pake pale hapakuweza kuondolewa. Bomba lilining'inia, na mwisho wake ulikuwa bado una ukanda wa tyubu, raundi kumi na fundo. Lile lile fundo. Inspekta alilifahamu kwa kiwiko chake. Juu kidogo, ubavuni mwa chasisi, rangi nyekundu ilikuwa safi kwa umbo la mraba. Pembeni yote vumbi na grisi, ndani ya mraba safi. Kipande cha tairi kilikuwa bado kimegandia pale. Na kwenye pembe za mraba, matundu. Moja, mawili, matatu, manne. Kwenye moja tu kulikuwa na bolti, na waya wa kufungia.

Pampu ya petroli ilikuwa na masikio mawili tu ya kupitishia bolti. Hata mtoto angeona. Mkaguzi hakuona, na yeye mwenyewe hakuja kutazama, kwa sababu aliamini ripoti. Siku mbili alikuwa anauliza nani aligusa gari, na kila mtu akamjibu kweli. Alipaswa kuuliza habari za pipa. Alijitukana kwa sauti, neno ambalo Konstebo hakuwahi kumsikia akilitamka.

"Nipe karatasi."

"Karatasi gani?"

"Yoyote!"

Mkono wa Konstebo ukapapasa faili alilokuja nalo na kushusha karatasi moja nene. Inspekta aliing'oa ile bolti moja, akapaka kidole gumba grisi, akaibandika karatasi kwenye chasisi na kubonyeza pembe moja baada ya nyingine. Ilipotoka ilikuwa na madoa manne meusi yenye matundu katikati.

"Afande," Konstebo alisema kwa sauti ndogo. "Nimekosea. Hiyo ni hati ya mashtaka."

Inspekta akaigeuza. Kweli. Doa moja lilikuwa limepenya mpaka mbele, juu kabisa ya mahali pa saini.

"Sasa umenitia kwenye mambo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaribia kutabasamu. "Washa gari."

*

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Safari hii Inspekta hakuomba izimwe. Alipita katikati ya mapipa, akapiga goti lake zima sakafuni, akaitazama kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya chuma, nzito, na imefungwa juu ya ubao kwa kanda za tyubu. Mguu wake ulikuwa wa mraba. Pembe zake nne zilikuwa tupu, na kwenye ukingo wa kila tundu kulikuwa na rangi nyekundu kidogo.

Aliiweka karatasi juu ya mguu ule. Ilitetemeka na mashine. Madoa manne yakakaa juu ya matundu manne, bila kupungua wala kuzidi.

"Hiyo karatasi ya nini tena?" Mama Pipa alikuja akijifuta mikono. "Ndiyo amri ya kumfunga?"

"Mama, mashine hii ilikuja lini?"

"Hii? Jumatatu. Ya zamani iliungua. Mapipa manane yamejaa, hoteli zinapiga simu, nachanganyikiwa. Mdogo wangu ndiye aliyeileta, jioni."

"Alisema kaipata wapi?"

"Kaiazima. Nikamuuliza kwa nani, maana yule alikuwa na marafiki wa kila aina. Akacheka. Akasema, kwa rafiki yangu asiyejua kukataa." Alitabasamu kidogo kwa kumbukumbu ile. "Kwani kuna mtu anaidai?"

Inspekta alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Alikuwa amewaambia watu habari za vifo milangoni, hospitalini, mpaka sokoni. Alitamani hii ampe Konstebo aiseme, lakini Konstebo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kaa, mama."

"Sikai. Sema."

"Alichukua pampu ya petroli kwa fundi, aifunge hapa kwenye pipa. Ikashindwa, kwa sababu mafuta yako ni baridi. Akatafakari. Mafuta ya pipa ni mazito, yanataka pampu yenye nguvu. Mafuta ya lori yana moto, ni mepesi, hata dhaifu itayavuta. Akaenda kwenye lori, akafungua hii aliyoifunga fundi, akakuletea. Ile dhaifu akaifunga kule."

Mama Pipa alisikiliza bila kupepesa. "Si ni akili hiyo?" alisema. "Yenye nguvu kwa mazito, dhaifu kwa mepesi. Mimi naona ni akili."

"Ilikuwa akili, mama. Alikosea kitu kimoja, mpira wa ndani. Ule moto aliouona ni msaada ndio ulioutia uvimbe. Ukavimba kidogo kidogo mpaka Alhamisi."

Mafuta yaliendelea kutiririka juu ya kitambaa, mekundu, taratibu. Mama Pipa aliitazama mashine, kisha karatasi, kisha mashine.

"Asubuhi ile," alisema. Akaanza tena, na sauti yake ilikuwa chini hata Inspekta ikabidi asome midomo. "Jumatatu asubuhi nilimfokea. Nilimwambia, usinirudie hapa bila mashine. Mbele ya watu wa hoteli. Akaniambia, sawa dada."

"Hukujua."

"Siku nane inalia hapa. Nimeipangusa kila asubuhi. Nilisema, angalau kaniachia hii."

Inspekta hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuja na jibu, na jibu halikuwa na mtu wa kutiwa pingu. Alijikuta amemkasirikia marehemu, kijana wa watu, na maneno yake mengi na roho yake safi, na kanda zake za tyubu.

Mama Pipa aliinama. Akashika swichi, mkono ukasita juu yake, kisha akaibonyeza. Mngurumo ukashuka, ukakoroma, ukakatika. Inspekta alisikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia katika banda lile: magari barabarani, tone la mafuta likianguka, pumzi ya mwanamke.

"Mama, mafuta yatalala kwenye bomba," alisema Konstebo, ambaye kila mara alikosa la kusema akasema lolote.

"Acha yalale."

Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya pipa. Akaenda kwenye bomba la maji pembeni na kunawa mikono mpaka viwikoni, kwa sabuni, mara mbili. Saa ilikuwa sita na nusu. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Yule fundi," aliuliza. "Kuna mtu amempa chakula leo?"

"Hapana," alisema Inspekta.

"Nisubirini," alisema Mama Pipa, akaenda kutafuta bakuli.